Wakwe Kwenye Ziwa Lililoganda

Mwalimu Eveline Kalinga wa Kihesa, Iringa, alikuwa amemaliza wiki mbili kaskazini ya mbali ya Ufini bila kumsemesha mkwe wake zaidi ya salamu. Na angemaliza na ya tatu vilevile, kama binti yake asingewalipia safari ya kwenda kuvua samaki kwenye barafu.

Mkwe mwenyewe alikuwa mzee Ambokile wa Uyole, Mbeya, fundi malori mstaafu na mkulima wa viazi. Mwanawe Sedekia ndiye aliyemuoa Damari, binti wa Mwalimu. Damari alikuwa muuguzi katika mji mdogo wa huko, na mwezi wa kumi alijifungua mtoto wa kike, Yudith. Ilipofika Machi, babu akaja kutoka Mbeya kumwona, bibi akaja kutoka Iringa, wakajikuta wote wawili katika nyumba ya vyumba viwili ambamo ukifungua mlango wa choo unagonga mlango wa jiko.

Chanzo cha ukimya kilikuwa maiki. Miaka minne nyuma, usiku wa kumuaga Damari, mzee Ambokile aliitwa mbele ya ukumbi uliojaa watu pale Iringa atoe neno la shukrani. Akakohoa, akasema, "Sisi watu wa Mbeya, Iringa tunaipenda sana. Ndipo basi linaposimama tukachimbe dawa."

Ukumbi ulianguka kwa vicheko. Hata mchungaji alijifuta machozi. Mwalimu Eveline hakucheka. Kila aliyewahi kusafiri anajua kuchimba dawa ni nini: unashuka kwenye basi, unatafuta kichaka, unajisaidia, unarudi kwenye siti yako. Yaani mji aliofundisha miaka thelathini na sita, mji wenye makanisa na vyuo na wazazi wake waliozikwa humo, umefanywa kichaka cha abiria! Tangu siku ile alimweka Ambokile kwenye kundi la wanafunzi watoro, akamfungia.

"Mama, kesho wewe na baba mkwe mnatoka," Damari alisema Ijumaa jioni. "Mtakuwa na mwenyeji wa kuwaongoza, na chakula kipo. Nimeshalipa na hela hairudishwi."

"Na mtoto nani atambeba?"

"Mimi, mama. Ni wangu."

Asubuhi walivikwa nguo mpaka wakashindwa kuinama: suruali tatu tatu, soksi za sufu, na juu ya yote ovaroli nene yenye zipu ndefu ya kutoka shingoni hadi chini ya tumbo. Mzee Ambokile alijitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku.

"Hii yote ya nini?" akauliza. "Mimi ni mtu wa Uyole. Mwezi wa saba kule tunavunja barafu kwenye ndoo ndipo tunawe."

Mwalimu alikuwa na la kusema kuhusu baridi ya Mufindi, mkoani kwake, akalimeza.

Mwenyeji wao aliitwa Aune. Alikuwa mama wa makamo, mashavu mekundu kama nyanya za Ilula, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Aliwaweka kwenye sleji, mkokoteni wa theluji usio na magurudumu, uliotandikwa ngozi za manyoya, akaufunga nyuma ya pikipiki ya theluji, akaondoka nao. Mbele yao ziwa lilikuwa tambarare jeupe lisilo na mwisho, na jua liling'aa kana kwamba halijui kazi yake ya kupasha moto. Mwalimu alishika ukingo wa sleji kwa mikono yote miwili. Petro alizama kwa imani haba, alijikumbusha, na Petro hakuwa amevaa mabuti mazito namna hii.

Waliposimama katikati ya ziwa, alimwuliza Aune kwa Kiingereza chake cha darasani, "Chini yetu kuna nini?"

"Maji. Mita kumi na mbili."

"Na barafu?"

Aune alinyoosha mkono, akapima kutoka ncha za vidole hadi karibu na bega. "Lori dogo linapita."

"Umesikia?" Mzee Ambokile aliruka kutoka kwenye sleji, akapiga buti chini mara mbili. "Lori linapita! Mimi malori nayajua."

Hapohapo ziwa likalia. Ulikuwa mlio mrefu uliopita chini ya miguu yao kama mtu aliyepiga waya wa umeme kwa chuma, ukaenda ukaishilia upande wa pili. Mzee Ambokile alijikuta ameukumbatia mkono wa Mwalimu.

"Inatanuka tu," alisema Aune. "Ni nzuri. Barafu ikinyamaza ndipo ninapokuwa na wasiwasi."

Ambokile aliuachia mkono, akajipangusa theluji ambayo haikuwepo. "Nilikushika usianguke, mkwe."

"Asante," alisema Mwalimu, bila kumtazama.

Aune aliwapa keekee ndefu ya kutobolea, inayozungushwa kwa mikono. Ambokile aliidai kwanza, kwa kuwa ni fundi. Alianza kwa kasi ya kijana wa gereji, na hata hajafika nusu alikuwa ameishiwa pumzi, mvuke unamtoka kichwani kama sufuria ya viazi. Aune akammalizia. Mwalimu alipopewa hakukimbilia. Alizungusha polepole, kiuno kikisaidia mkono, kama anayesonga ugali wa msiba, hadi maji meusi yalipobubujika juu. Aune akachota barafu iliyosagika kwa upawa wenye matundu, akaitikia kwa kichwa mara moja. Mwalimu aliielewa ishara ile. Alikuwa ameitoa yeye mwenyewe miaka thelathini na sita. Ilikuwa alama ya vema.

Kwenye chambo ndipo mambo yalipogeuka. Aune alitoa kikopo kutoka ndani ya koti, karibu na kifua chake, akakifungua. Ndani walikuwa wakijinyonganyonga funza weupe, wazima, wenye joto.

"Kyala wangu!" Ambokile alimwita Mungu kwa Kinyakyusa, akarudi nyuma hatua mbili.

Mwalimu alivua glovu, akachukua funza mmoja, akamtunga kwenye ndoana. Akachukua wa pili, akatunga na ndoana ya mkwe wake, akamrudishia fimbo yake ya kuvulia, fupi, ndogo kama ya mchezo wa watoto. Mikono ya mzee ilikuwa imezama kwenye grisi maisha yake yote, lakini aliipokea fimbo ile kwa vidole viwili.

Kisha Aune akawaonyesha nchi kavu, nusu kilomita hivi, palipokuwa na kibanda. Alikuwa anakwenda kuwasha moto na kupika supu. Wasihame hapo, alisema, hasa wasisogee kule mto unakoingilia ziwani, barafu yake ni nyembamba. Akapanda pikipiki, akaondoka. Ngurumo ikafifia, wakabaki wawili wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja na tundu lake, wakitikisa fimbo.

Ilipita nusu saa. Moshi ulianza kupanda kule kwenye kibanda. Mzee Ambokile alijisogeza kwenye kigoda. Akakunja miguu. Akaikunjua. Akasimama, akatazama mashariki, akatazama magharibi. Kote kulikuwa kweupe, hakuna hata kijiti.

"Mkwe," alisema.

"Naam."

"Hivi hapa watu wanachimbia wapi dawa?"

Mwalimu Eveline aliacha kutikisa fimbo. Miaka minne alikuwa akitafuta jibu la ukumbini, akilitafuta akipiga pasi, akilitafuta kanisani wakati wa matangazo, na sasa Mungu amemletea swali.

"Iringa," alisema. "Si ndiko mnakochimbaga?"

"Mwalimu, hili si la utani. Chai ya asubuhi imefika."

"Nenda nyuma ya sleji. Mimi natazama huku."

Alikwenda. Mwalimu alisikia akihangaika, akipumua kwa nguvu, akinung'unika Kinyakyusa. Baada ya muda sauti ikaja, ndogo, ya mtu aliyejishusha mpaka mwisho.

"Mkwe. Zipu imekula skafu."

"Ivute."

"Nimevuta. Vidole vimekufa."

Kwao wote wawili, mkwe ni mtu wa kumheshimu kwa umbali. Hakuna mila, ya Kihehe wala ya Kinyakyusa, iliyowahi kuandaa utaratibu wa zipu. Mwalimu aliinuka, akazunguka sleji, akainua uso kumtazama Mungu wake mbinguni, akapapasa kwa mkono mmoja mpaka akaipata skafu shingoni. Zipu ilikuwa imeung'ata uzi wa sufu. Aliupulizia pumzi ya moto, akaukata kwa meno, akaivuta zipu hadi kifuani na kuishia hapohapo.

"Iliyobaki ni yako," akasema, akaondoka kwa kasi kuliko alivyokuja.

Mzee aliporudi kwenye kigoda, alichukua fimbo yake, akaanza kuitikisa. Halafu bega la Mwalimu likaanza kutikisika. Alijaribu kulizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka kama maji yaliyotoka kwenye tundu, na Ambokile naye akacheka mpaka akashika mbavu, na ziwa likalia tena chini yao bila kumshtua mtu.

Walipotulia, mzee alitazama ndani ya tundu lake. "Lile neno la ukumbini. Ulikasirika?"

"Miaka minne."

"Ee." "Mimi sijui kusema mbele za watu, Mwalimu. Msemaji alikuwa mama Sedekia. Hotuba ya siku ile aliiandaa yeye, aliniambia mimi nikae tu nivae vizuri. Akafa wiki saba kabla ya sherehe. Waliponipa maiki, kichwa kikawa cheupe kama hapa. Nikasema la kwanza lililokuja, maneno ya kondakta."

Mwalimu alijua kwamba mama Sedekia alikufa, alituma rambirambi. Lakini hakuwahi kukihesabu kifo kile na sherehe pamoja, kujua ni wiki ngapi zilikuwa katikati.

"Ungesema tu 'asanteni', ukakaa," alimwambia, lakini kwa upole.

"Ningejua!" Alitikisa fimbo. "Sasa Jumanne naondoka. Wewe unabaki hadi Juni. Atakaa mwenyewe, atatambaa, wewe utaona. Mimi nimembeba mara mbili tu. Ya kwanza uwanja wa ndege. Ya pili ulikuwa unaoga."

Alisema bila lawama, kama anavyotaja mvua ambayo haikunyesha. Mwalimu alijiona mwenyewe, wiki mbili zile, akimchukua mtoto kila anapolia, kila anapoacha kulia, kila mzee anaponyoosha mikono. Kuna mambo yanayomwingia mtu polepole, na hili lilimwingia hadi kwenye soksi.

Hakupata nafasi ya kujibu. Fimbo ya Ambokile iliruka kutoka mkononi, ikateleza hadi kwenye mdomo wa tundu. Akajitupa juu yake kwa tumbo.

"Yupo! Mkwe, yupo!"

"Usivute kwa nguvu, mshipi utakatika!"

"Nisipovuta ataondoka nayo!"

"Mlegezee! Sasa vuta. Mlegezee!"

Walimchezesha hivyo, mmoja akiamuru na mwingine akitii, mpaka kichwa kikatokea ndani ya tundu, kikubwa, cha fedha. Kikakwama. Ambokile akavuta, mshipi ukalia. Mwalimu alivua glovu, akalala kifudifudi, akauzamisha mkono hadi kiwikoni. Baridi ile haikuwa baridi, ilikuwa kisu. Alitafuta mashavu ya samaki, akapitisha vidole, akamgeuza ubavu na kumvuta, na wote watatu, babu, bibi na samaki, wakaviringika kwenye theluji.

Aune alikuja mbio na pikipiki, akidhani kuna aliyezama. Alimkuta samaki mwenye madoa akirukaruka na wazee wawili wamekaa chini wanahema.

"Mimi nimemnasa," alisema Ambokile.

"Mimi nimemtoa," alisema Mwalimu.

Aune aliufunga mkono wa Mwalimu kwa blanketi, akampima samaki kwa mizani ya kuning'iniza: kilo tatu kasoro kidogo. Kisha akaongea kuliko alivyoongea siku nzima. Alisema mwaka huu wageni wake wote wamepata samaki wa kiganja. Alisema mume wake, ambaye hajapata hata wa nusu ya huyu, atakasirika. Walikunywa supu kibandani, Ambokile akarudia mara tatu, na wakati wa kurudi alilala kwenye sleji mdomo wazi, Mwalimu akimvutia blanketi hadi kidevuni.

Nyumbani waliingia na theluji yao na kelele zao, wakisahihishana hadithi mpaka Sedekia akakata tamaa ya kujua ukweli. Yudith alikuwa ameamka, amebebwa na mama yake. Damari, kwa mazoea, akamwelekeza mtoto kwa bibi.

"Mpe babu yake," alisema Mwalimu. "Mimi nina samaki wa kukaanga."

Akaingia jikoni. Alimkata samaki vipande, akampaka ndimu na chumvi, akaweka mafuta. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mzee Ambokile kaketi wima kwenye kiti, kama mtu aliyepewa kioo cha gari la bosi, akimwimbia mtoto wimbo wa Kinyakyusa kwa sauti isiyojua kupanda wala kushuka. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeegemea vibaya kidogo. Mwalimu alichukua hatua moja kwenda kukirekebisha. Kisha akarudi kwenye jiko, akageuza vipande.

Samaki aliwatosha watu wazima wanne. Kichwa waligawana wakwe.