Kikosi cha Darajani

Mwanamume mwenye akili zake hampandishii mama mkwe sauti. Fundi saa alilijua hilo tangu alipooa, na ndiyo maana Jumatano ile, aliporudi kula cha mchana akakuta meza ya chumba cha nyuma inang'aa, alisema maneno mawili tu.

"Ahsante, mama."

"Usijali, baba," mama mkwe akamjibu kutoka kitini, mkongojo wake ukiegemea ukutani. "Vile vikaratasi vilishika vumbi, nikaona nikusaidie. Nimevipanga kwa rangi."

Kweli alikuwa amevipanga. Mabakuli manne yalikaa katikati ya meza: vyekundu, vya bluu, vya njano, na la nne lenye vile ambavyo yeye mwenyewe alisema havieleweki. Ramani ilikuwa imekunjwa mara nne na kulazwa chini ya kitambaa cha maua. Mama mkwe alikuja kukaa nao mwezi mmoja mguu upone, na mwanamke aliyeshona nguo miaka arobaini hawezi kukaa bure.

Vikaratasi vyenyewe vilikuwa vita vizima. Ni mchezo wa mezani unaofuata vile vita vya wafalme wa Ulaya vilivyodumu miaka thelathini, karne ya kumi na saba. Ramani yake ni kubwa kama kitanda, imegawanywa vichumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Vipande ni elfu moja mia tisa na sitini, kila kimoja hakizidi kifungo cha shati, na kitabu cha kanuni kina kurasa mia moja na kumi na mbili. Mke wa fundi aliwahi kukitumia kuzuia mlango usijifunge. Mchezo una zamu mia na ishirini, kila zamu msimu mmoja wa vita, na fundi na rafiki yake daktari wa meno walikuwa wamefika zamu ya mia na kumi na nane. Iliwachukua Jumamosi za miaka minne. Fundi alisogeza vikosi kwa kibano kilekile cha kushikia skrubu za saa. Daktari naye alikuja na kioo chake cha kuchungulia magego, apate kusoma namba za vikosi vilivyofunikwa na vingine bila kuviangusha. Watu wazima hao, wenye wajukuu.

Katika miaka kumi na tisa walikuwa wamemaliza michezo sita mifupi kuliko huu, na yote sita daktari alishinda. Safari hii mambo yaligeuka. Vikosi vya bluu vya fundi vilikuwa vimefika mtoni. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mji wenye ngome, na akiwa ameushika mji ule zamu ya mwisho ikiisha, mchezo ni wake. Mwisho wa mwezi daktari alikuwa anahama kwenda kukaa na binti yake, mwendo wa siku mbili, kwa hiyo mchezo wa nane usingekuwapo. Fundi alitaka kumshinda mtu yule mara moja tu maishani. Alitaka kwa moyo wote, wala hakuona haya.

"Mwambie mtoke sare," mkewe akamshauri jioni, akivua viatu vyake vya zamu ya hospitali.

"Sare huvaliwa shuleni."

"Basi mgombeze mama yangu, tukuone."

Fundi akampigia daktari simu, akamweleza yaliyotokea.

"Daftari si lipo?" daktari akauliza.

"Lipo. Linaishia zamu ya mia na kumi na tano."

Hapo wote wawili walijua kosa ni lao. Desturi yao ilikuwa hakuna kuinuka mezani kabla ya kuandika kila kikosi kilikotoka na kilikofika. Lakini Jumamosi tatu za mwisho vita vilipamba moto, kila mara wakaambizana wataandika wiki ijayo. Haraka haraka haina baraka, na watu wenye umri wao walipaswa kulijua hilo.

"Panga unavyokumbuka," daktari akasema. "Kichwa changu siku hizi kinavuja. Utakavyopanga, mimi nakubali."

"Ukija Jumamosi utakuta kila kitu mahali pake."

"Elfu mbili, fundi? Kwa siku mbili?"

"Kila kitu mahali pake," fundi akarudia.

Alhamisi hakufungua kibanda. Kwa kuwa daftari liliandika mienendo tu, hapakuwa na njia ya mkato: ilibidi kuanza zamu ya kwanza na kuvipigana vita vyote upya. Alikuwa amekwisha kutandaza ramani aliposikia mkongojo ukija.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Nimeambiwa nimeua askari elfu mbili."

"Hawajafa, mama. Wamepotea njia tu."

"Basi tuwarudishe. Niletee hilo daftari. Macho yangu bado yanatunga uzi."

Akakaa, akaanza kusoma, na fundi akawa anapanga. Alisoma kama anayesoma vipimo vya nguo, bila kupepesa: bluu kumi na saba, kutoka msituni kwenda kinuni. Nyekundu arobaini, mlimani bila mikokoteni, kutokea nyuma ya ngome. Pale aliposhuku mwandiko alisimama, akarudi nyuma, hakukubali kubahatisha. Fundi akipiga miayo anamgonga kwa mkongojo. Kufika magharibi walikuwa zamu ya hamsini na nane, na mgongo wa fundi ulikuwa hautaki kunyooka. Kesho yake wakaanza kabla ya chai. Katikati ya asubuhi mama mkwe alianza kuuliza maswali. Kwa nini hawa wanakufa bila kupigana? Chakula kimewakatikia, mama. Na aliyewapeleka mbali na chakula ni nani? Ni mimi, mama.

"Hm," akasema mama mkwe, akafungua ukurasa mwingine.

Ijumaa alasiri daftari likaisha. Zamu tatu zilizobaki zilikuwa kichwani mwa fundi peke yake. Akafumba macho, akakumbuka nani alisema nini na dadu liliangukaje, akasogeza kimoja kimoja. Mabakuli yakabaki matupu, isipokuwa lile la vyekundu, vya daktari. Humo kilibaki kipande kimoja.

"Hicho kilikufa," fundi akasema. "Kitie kwenye kifuniko cha boksi na wenzake."

"Waliokufa sikuwagusa, walikuwa kifunikoni, na tumewarudisha humo." Mama mkwe akakishika kipande kwa ncha za vidole. "Hiki nilikitoa pale penye daraja. Kilikuwa peke yake. Nakikumbuka kwa sababu kina doa, nililisugua likakataa kutoka."

Fundi akakichukua, akakitazama kwa lenzi yake ya kazini. Doa lilikuwa la mafuta ya saa. Kisha yote yakamrudia. Jumamosi iliyopita alitoka kibandani bila kunawa. Daktari, kiuno kikimuuma, alimwambia: niwekee hiki hapo darajani, mkono wangu haufiki. Naye akakiweka kwa kidole chake mwenyewe.

Daraja likiwa tupu, angevuka zamu ijayo na kuuchukua mji. Likiwa na kikosi hiki, lazima kwanza akipige, na kanuni zilitaka dadu lianguke sita. Daktari alishasahau. Alishasema atakubali. Fundi alikishika kwa kibano, akakipeleka hadi kifunikoni, akakirudisha.

"Mimi sijui vita," mama mkwe akasema taratibu. "Mimi ni mtu wa kufuta vumbi. Wewe ndiye unayejua."

Fundi akakiweka darajani. Iliuma, tena iliuma sana, na hakuna aliyempigia makofi.

"Kesho naweza kuja kutazama?" mama mkwe akauliza.

"Karibu, mama. Ila kwetu mtazamaji hasemi. Hata nyumba ikiungua, anangoja mchezo uishe."

Daktari alifika saa tisa kamili. Akaizunguka meza mara mbili, akichungulia kwa kioo chake, akitikisa kichwa kwa mshangao. Alipofika darajani akasimama.

"Hapa nilikuwa na mtu kweli? Mimi sikumbuki."

"Ulikuwa naye."

"Fundi, tukitoe. Miaka minne hii, mtu mmoja tu—"

"Kikae," fundi akasema. "Nilikuwekea mimi. Tucheze."

Zamu ya mia na kumi na tisa akakusanya kila alichonacho mbele ya daraja, akapuliza dadu, akarusha. Nne. Hata akilipata daraja zamu ya mwisho, muda wa kuvuka usingebaki. Akacheza zamu ya mwisho yote, kikosi kwa kikosi, hata vile ambavyo havikuwa na pa kwenda, kwa sababu hakukubali kuuacha mchezo njiani. Kisha akachukua daftari, akaandika zote, ya mia na kumi na sita hadi ya mwisho, na chini kabisa: wekundu wameshinda. Mwandiko wake ulikuwa safi kama wa siku zote. Moyo ndio ulikuwa chini.

Daktari akampa mkono.

Mama mkwe akakohoa. "Umekwisha?"

"Umekwisha, mama."

"Naruhusiwa kusema?"

"Sema tu."

Akainua mkongojo, akaugusisha kwenye milima iliyo kando ya mto. "Hapa. Zamu ya arobaini na moja nilikusomea. Mwenzio alipita huku bila mikokoteni, akatokea nyuma ya ngome. Ni vichumba vitano. Wewe ulikuwa na zamu mbili, na mjini hamkuwa na mtu. Umeng'ang'ania daraja kwa nini?"

Wanaume wawili wakainama mezani. Fundi akahesabu vichumba kwa kibano, akahesabu tena. Vitatu zamu ya kwanza, viwili ya pili. Daktari akafungua ukurasa wa milima kwenye kitabu cha kanuni, akausoma, akakifunga taratibu.

"Hata mimi sikuiona," akasema. "Miaka kumi na tisa, fundi, nimekuwa nikicheza na mtu asiyefaa wa nyumba hii."

Fundi alitaka kulia, akajikuta anacheka mpaka akashika meza. Alipotulia alifuta macho, akavuta mabakuli manne, akaanza kutenganisha vipande kwa rangi, vizuri, kama alivyofundishwa.

"Mama," akasema, "mguu huo hospitalini walisema utapona lini?"

"Mwezi mmoja."

"Kaa minne. Miaka."

Mama mkwe akalivuta bakuli la vyekundu upande wake. Kile chenye doa akakitoa, akakifunga kwenye leso yake ya mkononi, akamkabidhi daktari wa meno aende nacho.

"Nitacheza bila hicho," akasema. "Tunaanza lini?"