Mukami Akataa Kuhesabu Watoto

Mwaka wa 1998, katika shule ya chekechea mtaani Dallas, mjini Embu, kompyuta iliyoletwa na wafadhili kupima maendeleo ya watoto ilisema Mukami amechelewa. Alikuwa ameonyeshwa picha ya watoto, akakataa kuwahesabu. Sasa angerudia darasa.

"Mwalimu, kwetu watu hawahesabiwi, ni kuwaitia mkosi," babake, Ireri, akasema. "Marehemu mama yake alimkanya sana."

Mwalimu Wambeti akacheka. "Hata mimi nyanya yangu angenichapa kwa kuhesabu watu." Akamwaga maharagwe mezani.

Mukami aliyahesabu yote bila kukosea. "Mwalimu, yameisha. Ongeza mengine."

Mwalimu akajaza majibu upya, na kompyuta ikampeleka Mukami darasa la kwanza. Ireri akambeba mabegani hadi nyumbani, kifua mbele, akitamani marehemu angewaona.