Aliyehesabu Mikono

Mimi sina subira, na nasema mapema ili usije ukaninunia baadaye. Madam wangu wa mtaa wa Al-Malqa, ninayemfanyia kazi za nyumbani, anajua, na wazee wa kanisa letu hapa Riyadh wanajua zaidi, maana mimi ndiye katibu wao. Eucabeth akisema chai imepoa, imepoa.

Tunakutana Ijumaa asubuhi kwa Geoffrey, juu ya duka la simu huku Batha. Tunaimba kwa sauti ya chini, hatupigi makofi, na kila Ijumaa kuna keki mezani. Ibada ya Kikristo huku hairuhusiwi, kwa hiyo jirani akibisha hodi, tunasema ni birthday ya mtu. Geoffrey mwaka huu amezaliwa mara kumi na moja.

Ijumaa hiyo tulikuwa na kazi. Kanisa letu nyumbani Kenya lilikuwa linajadili kama lipige marufuku Kambi ya Marejeo, mahali ambapo vijana wanaopenda wa jinsia yao hupelekwa kuombewa mpaka wabadilike. Kila tawi lilitakiwa kutuma jibu moja kabla ya saa sita mchana. Tawi letu lina wazee wanne wenye kura, na mimi. Katibu hapigi kura, anahesabu. Wazee hufumba macho, huinamisha vichwa kama kwenye maombi, huinua mikono, na ni mimi tu ninayeona. Tuliweka desturi hiyo ili mtu asimwogope mwenzake. Kura zikilingana, neno ni la mwenyekiti.

Mwenyekiti ni Mzee Jackton, dereva wa familia moja ya Al-Safa kule Jeddah. Kwa kawaida tunamsikia kwa simu tu, lakini wiki hiyo bosi wake alikuwa amekuja Riyadh kuona ndugu zake, basi tukawa naye ana kwa ana. Mwaka jana akiwa likizo alihubiri kwenye kambi hiyo hiyo. Nilijua neno lake lingekuwa lipi.

Sasa sikia kile ambacho wazee hawakujua. Nina mwana, Norman, ana miaka ishirini na miwili, anakaa Nakuru kwa dada yangu Magdaline. Mwaka jana nilimpeleka kambini mimi mwenyewe, kwa simu, nikiwa jikoni kwa madam namenya vitunguu. Norman alikuwa mpiga kinanda wa kanisa tangu darasa la sita. Walimfungia siku ishirini na moja, wakamnyima chakula, wakamshika kichwa wakimwambia ataje jina la pepo wake. Alirudi amekonda, na kinanda hajakigusa tena. Nikimuuliza habari anajibu, "Niko sawa, Mama." Hiyo "niko sawa" inanichoma.

Na sasa Magdaline na pasta walikuwa wamepanga arudishwe Jumatatu. Norman alisema, "Mama akisema niende, nitaenda." Nami, na mdomo wangu wote huu, nikamwambia tungoje kanisa litasema nini. Ni woga tu. Niliogopa wazee wakijua ni mwanangu wataanza kuniombea mimi.

Mjadala wa wazee wale wanne ulikwenda kwa upole. Mirriam alisema tukifunga kambi watu watadhani tumesema dhambi si dhambi. Jepkoech, ambaye ni muuguzi, akamjibu kwamba aliwahi kumhudumia kijana aliyetoka kambi kama hiyo, na alichokiona ni vidonda vya kamba mikononi.

"Hatupigii kura dhambi," alisema. "Tunapigia kura kamba."

Geoffrey akasema Yesu aliponya wengi na hakumfungia mtu mlango.

"Mimi nimewaona wakilia na kutubu," Mzee Jackton alisema.

"Hata aliyebanwa kidole na mlango analia," nikasema.

"Katibu, wewe andika."

Nikaandika. Kisha wakafumba macho.

"Wanaotaka kambi ipigwe marufuku," nilisema. Geoffrey na Jepkoech waliinua mikono. Mkono wa Mirriam ulibaki mapajani, wa Mzee juu ya Biblia. Nilihesabu mara tatu, kana kwamba mwingine ungechipuka. "Wanaopinga." Wawili.

Nilitaka kudanganya, sitaficha. Nani angejua? Lakini ulimi ulikataa.

"Fungueni macho," nikasema. "Wawili kwa wawili."

"Watatu," Mzee Jackton alisema taratibu. "Wanaotaka ipigwe marufuku ni watatu. Umesahau mkono wako. Ulikuwa juu, na kalamu umeishika."

Nikautazama mkono wangu. Wallahi sikujua.

"Katibu hapigi kura," Mirriam alisema. "Na Mzee aliuonaje?"

"Nilifungua macho. Nilitaka kujua nani ananipinga. Ni kosa langu, mnisamehe." Akanigeukia. "Dada Eucabeth, umenibishia kwa simu juu ya mahubiri, na leo juu ya chai, hata juu ya AC. Lakini sheria ya katibu hujawahi kuivunja. Una nani kule kambini?"

"Norman," nikasema. "Mwanangu. Nilimpeleka mwaka jana, na Jumatatu wanamrudisha."

Mzee akavua miwani, akaiweka kando ya keki.

"Kijana mrefu," alisema. "Anachezesha vidole mezani kama anapiga kinanda."

"Ndiye."

"Nilimshika ile mikono nikamwambia aache. Nilimwambia ni pepo." Alisugua macho. "Akaacha. Nami nikamshukuru Mungu."

Nilitaka kumrushia kile kisu cha keki, na nilitaka kulia, maana aliyempelekea mtoto ni mimi.

"Mirriam ana haki, kura ya katibu haihesabiwi," Mzee alisema. "Basi ni wawili kwa wawili, na neno ni la mwenyekiti." Akatoa simu yake, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akatusomea: tawi letu linasema kambi ipigwe marufuku. Akatuma. Ilikuwa saa tano na nusu.

Niliingia jikoni kwa Geoffrey nikampigia Norman.

"Usiende Jumatatu," nilimwambia. "Usiende kabisa."

"Kanisa limesema hivyo?"

"Kanisa bado halijamaliza kuhesabu. Nimesema mimi, mama yako."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mama," alisema, "mbona hukusema hivyo mwaka jana?"