Samaki wa Monterosso

Kwa miaka kumi Kethia alipika samaki siku ambazo mumewe hayupo nyumbani. Lemayian, mzaliwa wa Narok, alikulia kwenye nyama na maziwa; kwake samaki alikuwa jamaa wa nyoka. Kethia alizaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ambako mtoto hutafuna dagaa kabla meno hayajatimia. Hawakuwahi kugombana. Lemayian akiwa zamu hospitalini, mkewe alikaanga, akala, kisha akafungua madirisha yote ya nyumba yao ya ughaibuni, mjini Mansfield, harufu itoke. Akitamani kula kwa nafasi, aliendesha gari saa nne hadi mji wa Sugar Land, kwa dada yake Élodie.

Walipotimiza mwaka wa kumi wa ndoa, Lemayian alimwambia achague popote duniani. Kethia akachagua Liguria, pwani ya kaskazini ya Italia. Hakusema kwamba alikuwa amesoma habari za samaki wa huko. Wakamwacha binti yao Fiona kwa Élodie, wakapanda ndege.

Lemayian alitarajia mchanga na miavuli. Alikuta mengine kabisa. Milima ilishuka moja kwa moja baharini, na nyumba za rangi ya embe na waridi zilikuwa zimeng'ang'ania miamba kama mbuzi waliopanda wakakosa pa kushukia. Siku ya tatu walitembea kwa miguu kutoka kijiji cha Vernazza hadi cha Monterosso. Kila baada ya ngazi chache alisimama kutazama kuta za mawe zilizoshikilia mizabibu na milimau, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka kileleni.

“Mama Fiona, hizi kuta hazina hata tone la saruji.”

“Twende bwana, njaa inauma.”

“Hebu fikiria. Kila jiwe mtu alilibeba. Sisi majani yakiisha tulihama na ng'ombe. Hawa wamekaa, wakajitengenezea shamba ukutani!”

Walifika Monterosso saa nane mchana. Mkahawa waliouona wazi ulikuwa na meza sita, na mwenyewe alikuwa mama mzee aitwaye Pia. Kethia alijaribu Kifaransa alichosomea shuleni kwao, na Pia akajibu kwa Kifaransa: jiko linafungwa, wamebaki dagaa tu, wale wakubwa wa hapa, wamevuliwa alfajiri.

Lemayian akaomba mkate. Aliletewa ule bapa wa kwao, wa moto, unaong'aa mafuta ya zeituni na punje za chumvi. Aliula akitikisa kichwa kwa utamu.

Mbele ya Kethia waliwekwa dagaa waliolowekwa kwenye limau. Alitia mmoja mdomoni, akaacha kutafuna. Machozi yakamtoka.

“Umechomwa na mfupa?”

“Hapana. Ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wakitoka majini, kabla ya kuwaanika, mama alikuwa ananipa wachache na ndimu na chumvi. Tangu tukimbie vita sijapata ladha hii. Nilifikiri nimeisahau.”

Lemayian alimtazama. Miaka yote alidhani samaki ni kitu mkewe anachopenda tu, kama mtu apendavyo peremende.

“Kumbe ndiyo maana madirisha hufunguliwa hata Januari, kwenye baridi kali,” alisema taratibu.

“Ulijua?”

“Pua si ninayo?”

Kethia akacheka huku anajifuta macho. Lemayian akasogeza kiti. “Nipe mmoja.”

“Baba Fiona, usijilazimishe.”

“Nipe.”

Alifumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Akatafuna. Akafumbua jicho moja. Ilikuja chumvi, kisha limau, kisha kitu laini ambacho hakuwa na jina lake. Akachukua wa pili bila kuombwa. Pia, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alirudi jikoni akatoka na sufuria ya dagaa waliookwa na viazi na nyanya, akaketi nao, akamfundisha Lemayian kuutoa uti wa mgongo kwa kidole gumba. Magarimoshi mawili ya jioni yaliwapita, na hakuna aliyejali.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Mansfield, Lemayian alitoka peke yake asubuhi. Alirejea amekumbatia mfuko, akautua mezani. Ndani mlikuwa na samaki mzima, mkubwa kuliko sufuria yoyote waliyokuwa nayo, macho yamemtoka.

“Haya, mwalimu,” alisema, akikunja mikono ya shati. “Unaanzia wapi?”