Mawe ya Msituni

Katika chumba cha nyuma cha ofisi ya wakili, binti mtengeneza filamu alikuwa akihariri, shangazi yake ameketi kando. Kwenye skrini, shangazi huyohuyo alitembea msituni, akasimama penye mawe madogo, akataja jina la mama yake. Kisha penye mawe mengine, jina la mwanawe aliyefariki akiwa mchanga. Makaburi hayo ndiyo yaliyokuwa ushahidi kwamba jamii yao iliishi humo kabla ya kampuni ya mbao kugawiwa msitu. Jaji alikuwa ameahidi kwenda kuyaona.

"Mbona umeninenepesha hivyo?"

"Ni kamera, shangazi."

"Basi kamera yako inanilisha vizuri kuliko wewe."

Wakili alicheka, kisha akakunja uso. "Usirushe chochote mtandaoni kabla ya jaji kufika."

"Watu wasipotuona, nani atatutetea?" binti akajibu. "Nitaweka kipande kifupi tu."

Alikiweka. Maelfu walikitazama, wakaandika maneno ya kutia moyo. Nyuma ya shangazi vilionekana kijito na mti uliopasuliwa na radi. Yeyote aliyeujua msitu ule angefika pale bila kuuliza njia.

Jaji alipofika, alikuta udongo mwekundu uliosawazishwa, wenye alama za tingatinga. Mti haukuwapo.

"Mheshimiwa, hii ni njia ya magogo," alisema mwanasheria wa kampuni. "Kaburi liko wapi?"

"Filamu inaonyesha…" binti alianza.

"Filamu inaonyesha mama mmoja akitaja majina porini."

Jaji alimgeukia shangazi. Alisema kwa upole kwamba mawe hayapo tena, lakini mifupa ingetosha, endapo wenye wafu wangeridhia kuchimba. Wasiporidhia, hangekuwa na la kuandika.

Shangazi alikitazama kijito, akapima umbali kwa macho. Kisha akatembea, akasimama, akakandamiza udongo kwa kisigino.

"Anzeni hapa, kwa mama. Hakuwa mtu wa kinyongo." Akaonyesha hatua chache mbele. "Yule mdogo mwacheni, kama huyu atatosha."

Binti alikuwa ameishusha kamera, akilia.

"Unalia nini? Washa," shangazi akamwambia bila kumtazama. "Ulituonyesha tukiwa tumelala. Sasa waonyeshe tunavyoamshwa."

Jembe la kwanza likazama bila shida. Udongo ulikuwa umekwisha kulainishwa na tingatinga.