Rangi ya Macho ya Bibi Zipora

Mariana alijifundisha kuchora kwa kidole, juu ya simu yenye kioo kilichopasuka, katika chumba cha kupanga mjini Shinyanga. Wateja wake wa mwanzo walimletea picha za pasipoti, wakamwomba awapunguzie weusi. Aliwapunguzia kwa miaka miwili, na kila uso alioupausha ulimwachia uchungu kinywani. Hatimaye siku moja akaapa kwa Aliyeziumba rangi: hatamchora tena mtu mweusi ila kwa weusi wake, tena akiwa na furaha.

Wa kwanza akawa bibi yake Zipora, aliyemlea kijijini huko Kishapu. Alimchora akicheka hadi ufizi, shanga shingoni, anga la manjano nyuma yake. Macho akayatia wekundu uleule aliokua akiutazama, wekundu wa mtu aliyepikia moshi wa samadi kavu miaka hamsini, kwa kuwa kuni zilikwisha zamani. Kwake ulikuwa wekundu wa mapenzi. Akaiweka picha mtandaoni, watu wakaishangilia.

Siku ya tatu picha ikafika kijijini, simu kwa simu. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, watoto wawili wamezikwa, na huko kikongwe mwenye macho mekundu hudhaniwa mchawi. Jirani wa bibi akapiga simu.

"Shikamoo, mzee Maganga."

"Marahaba. Umefanya nini, mjukuu wangu? Watu walikuwa wakinong'ona tu. Sasa wanasema hata damu yake mwenyewe imemtaja. Njoo umchukue leo hii, jua lingali juu."

Mariana alimkuta bibi mlangoni, anachambua choroko. Akampa simu aitazame.

"Ndiye mimi huyu!" Bibi akacheka vilevile kama kwenye picha. "Umenipamba kama bibi harusi. Wabeja, mjukuu, ahsante."

"Bibi, tunaondoka. Wamekuita mchawi kwa ajili ya picha hii. Nitayafanya macho meupe, niwatumie nyingine."

Kicheko kikakatika. Bibi akauweka chini ungo wa choroko.

"Wameshaona. Na ukiyafanya meupe, utakuwa umemchora bibi wa nani?"

Walitoka na godoro, sufuria mbili na kuku mmoja. Kesho yake Maganga akapiga tena: nyumba imeteketea.

Mjini bibi hupikia gesi. Mwezi wa nne tangu kuhama, macho yake yakaanza kutakata; sasa ni meupe kama ya msichana, neema iliyomfikia akiwa hana tena mlango wa kukaa. Kila alasiri huomba simu.

"Nionyeshe yule wa nyumbani."

Huitazama picha, kisha huirudisha simu.

Mariana angali akichora wazee weusi wanaocheka, na watu wa mbali huzisifu kazi zake kwa furaha iliyomo. Kicheko hukinakili kutoka picha ile ya kwanza, kwa kuwa chumbani hajakisikia tena.