Mlango wa Dubu

Barafu ilikuwa ikiyeyuka peke yake. Vipande vilivyopangwa vizuri kama matofali vilikuwa vimekwisha kupoteza pembe zake, na maji yalitiririka sakafuni mpaka kwenye tundu la kutolea maji, yakilia kama mtu anayekoroma. Ndani ya kipande cha juu palikuwa na nusu ya tikiti iliyogandishwa, nyekundu, haijaguswa. Mwenye barafu hiyo, dubu, alikuwa nje kwenye uchochoro wa nyuma, nyuma ya nondo, amejilaza juu ya saruji iliyopigwa na jua. Mgongo alikuwa ameuelekeza kwa fundi aliyemtengenezea chumba hicho cha baridi katika bustani ya wanyama.

"Leo amekuja hata kunusa?" fundi aliuliza.

"Alikuja asubuhi," alisema mlishaji, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na ndoo isiyotoka mkononi. "Alichukua tikiti moja, akatoka nalo."

"Akatoka nalo."

"Akaliweka juani mpaka barafu ikaisha. Ndiyo akala."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kona ya shati ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa amefanya kazi ya baridi tangu ujana. Mchana alibeba mitungi ya gesi ya mafundi wengine na jioni alikaa kwenye dawati la shule ya watu wazima, magoti yakigonga ubao, akijifunza kwa nini hewa iliyobanwa hupata joto na ikiachiwa hupoa. Kwa elimu hiyo ya usiku alijenga vyumba vya baridi vya wauza nyama, vya hospitali, vya watu wa maua. Alijua jambo moja kuliko mengine yote: baridi haina adui kama mlango ulioachwa wazi. Alilisema hilo kwa wateja, kwa wasaidizi, kwa mkewe mbele ya friji, hata wajukuu wakamwita Babu Funga Mlango, na yeye hakukasirika. Aliliona kuwa jina la heshima.

Lakini chumba hiki kilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na mwenyewe alikiona kuwa bora kuliko vyote. Katika nchi ile dubu hakuwahi kuishi porini. Hapakuwa na mtu ambaye babu yake alikimbizwa na dubu, wala shamba lililoharibiwa na dubu, wala tusi lililomtaja. Watu walimjua kutoka kwenye mablanketi na wanasesere. Bustani ya wanyama ilipomleta huyu, watu walijipanga mpaka barabarani, na walipofika mbele wengine walinong'ona kwamba huyo ni mbwa aliyenenepa. Fundi hakuwa miongoni mwa hao. Yeye alikuwa amesoma. Alikuwa na kitabu kinene cha wanyama alichokinunua kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, na ndani yake dubu alisimama juu ya theluji, nyuma yake milima myeupe. Aliposikia kwamba bustani inatafuta mtu wa kumjengea dubu chumba cha baridi, alivaa koti lake la sherehe akaenda kuomba kazi.

"Manyoya yale yote," alimwambia mlishaji sasa, kama anayemsomea mashtaka, "yametengenezwa kwa ajili ya nini, binti? Kwa ajili ya jua hili?"

"Mimi sijui yametengenezwa kwa ajili ya nini, mzee. Huyu amezaliwa kwenye bustani kama hii, nchi ya joto kama hii. Na mama yake hivyohivyo."

"Damu haisahau."

"Labda haisahau. Lakini asubuhi huwa anautangulia mwanga pale ukutani, anausubiri."

Fundi alirudisha miwani machoni. Kilichomkera hasa ni kwamba mwanamke yule hakuwa akibishana. Alisema tu alichokiona, kisha akaendelea kusugua ndoo.

Meneja wa bustani alikuja kabla ya chakula cha mchana, kijana mwenye tai na simu mbili. Hakupita nyuma; alisimama upande wa wageni, ng'ambo ya kioo kipana, akalitazama rundo la barafu lisilo na mtu. Kisha akazunguka kuja walipo.

"Mzee wangu," alisema, "watu wanalipa kiingilio kuja kuona dubu. Barafu wanayo nyumbani."

"Atazoea."

"Jumamosi wafadhili wanakuja kuzindua chumba. Kibao kimeshachongwa, jina lako lipo, majina yote matatu kama ulivyoniandikia. Sasa nitazindua nini? Maji?" Alishusha sauti. "Nikueleze kama mzazi wangu. Dubu asipoonekana ndani Jumamosi, mashine hii nitaing'oa niipeleke stoo ya nyama, na kibao kibaki kwenye kabati. Sina njia nyingine."

Majina matatu. Vyumba vyote alivyojenga fundi maishani havikuwa na jina lake hata kimoja. Bucha liliandikwa jina la mwenye bucha, na hospitali jina la aliyetoa ardhi.

"Unataka nifanye nini?"

"Mlango huo wa nyuma. Anatoka kwa sababu haufungwi. Tia komeo. Akikosa pa kwenda atakaa kwenye barafu, na akikaa ataipenda."

Mlishaji aliweka ndoo chini. "Atakwangua."

"Akwangue," alisema meneja. "Mlango ni wa chuma."

Fundi alirudi nyumbani na hasira isiyo na mwenyewe. Alipofika uani alimkuta mama yake pale pale alipomwacha asubuhi: kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa jiko, shali begani, jua limemjaa usoni. Mama huyu alikuwa amehamia kwake baada ya kushindwa kujitekea maji. Fundi alimpa chumba kizuri kuliko chake, akamfungia kiyoyozi kipya kwa mikono yake mwenyewe, kinachounguruma polepole kama paka. Mama alilala humo siku moja, akaamka na kusema: "Mwanangu, umenilaza na nyama."

Sasa mlango wa chumba kile ulikuwa wazi, na kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma kikiupoza ua.

"Mama. Mlango."

"Una nini?"

"Baridi inatoka yote."

"Iache itoke. Na yenyewe imechoka kukaa ndani."

Mkewe alicheka dirishani. Fundi alikwenda akaufunga mlango kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Aliwaza kwamba mtu anaweza kuhangaika maisha yake yote kuwatafutia watu nafuu, wao wakaipokea kama adhabu. Usiku wa elimu, gesi iliyomchoma vidole, magoti yale chini ya dawati: yote yamwagike uani kwa sababu kikongwe mmoja na mnyama mmoja hawajui kilicho kizuri kwao.

Kesho yake aliuchomelea mlango wa dubu komeo. Lilikuwa komeo zuri, zito, lenye mafuta, nalo lilikaa upande wa njia ya walishaji, nje ya nondo, ambapo mkono wa mtu unafika na wa dubu haufiki. Alilijaribu mara kadhaa. Lilikwenda bila sauti.

Jumamosi alikuja na familia nzima. Alimshika mama yake mkono, akamsimamisha mbele kabisa karibu na kioo, mahali pa wageni wa heshima. Wafadhili walikuwa wamevaa suti, meneja alikuwa anatabasamu kila upande, na juu ya ukuta palikuwa na kitambaa cha kijani kilichofunika kibao. Ndani ya kioo, kwa mara ya kwanza, dubu alikuwepo.

Alikaa juu ya barafu. Alikaa kama gunia lililotupwa, mgongo kwa watu, uso kwenye mlango wa nyuma.

"Tazama anavyofurahia baridi yake," alisema mfadhili mmoja, na simu zikainuliwa.

Mama alitazama kwa muda mrefu. "Huyu ndiye mwenyewe?"

"Ndiye, mama."

"Anatazama ule mlango tangu tulipofika."

"Ni dubu tu, mama."

"Sijasema ni kuku."

Kitambaa kilivutwa. Watu wakapiga makofi. Fundi aliyaona majina yake matatu, hakuna herufi iliyokosewa, yamechongwa kwa kina kiasi kwamba mvua haitayafuta. Alingoja furaha ije, na ilipochelewa alikasirika, kama mtu aliyeagiza kitu akaletewa boksi tupu. Meneja alimpigapiga begani. Mkewe alikuwa anafuta machozi. Yeye alijikuta anaangalia pembeni mwa mlango ule wa nyuma, ambapo mpira wa kuzuia baridi isitoke ulikuwa umechunwa kuanzia chini, ukaning'inia kama ulimi. Kazi ya kucha, na haikuwa ya muda mfupi.

"Mpira umetoka," alimwambia mkewe. "Ngoja nikauangalie."

Njia ya walishaji ilikuwa tupu isipokuwa mlishaji, ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Hakumsalimu.

"Amekwangua tangu jana," alisema.

"Nimeona."

"Mpira una kazi gani?"

"Unazuia hewa. Ukitoka, mashine haipumziki." Aliishika nguzo ya mlango. Kwa upande wa pili alisikia pumzi nzito, karibu sana, ikivuta hewa kwenye ufa ule mwembamba ambako mpira ulikuwa umetoka. Ilivuta na kuvuta, kama mtu anayenusa chakula cha nyumba ya jirani. Mwanga wa jua wa uchochoroni uliingia pale kwa upana wa unyasi.

Alisimama hivyo mpaka mlishaji akageuka kumtazama. Kisha akalivuta komeo, akaushika mpini, akauburuta mlango mpaka mwisho.

Dubu hakutoka.

Alisimama kwenye ukingo wa barafu akautazama uwazi ule kama anayeshuku mtego. Joto liliingia, baridi ikatoka, ukungu mweupe ukaanza kutambaa sakafuni. Juu ya dari mashine ilibadilisha mlio, ikaanza kuhangaika. Kila sehemu ya mwili wa fundi ilijua mlio ule na ilitaka kuunyamazisha.

"Toka basi," alisema kwa sauti ya chini. "Si ndicho ulichokitaka? Toka."

Hatimaye dubu alikuja, hatua moja baada ya nyingine, mpaka kizingitini. Hapo akalala. Kichwa na mikono aliviweka juani, na nyuma yake yote akaiacha ndani, juu ya maji ya barafu. Akapumua mara moja kwa nguvu, akafumba macho.

Ng'ambo ya kioo watu walikuwa wanaona makalio ya dubu na ukungu. Mtoto mmoja alicheka, kisha wengi. Meneja aligonga kioo kwa pete yake, akazunguka mbio, akafika njia ya walishaji tai ikiwa begani.

"Mzee wangu, unafanya nini? Funga mlango!"

Fundi alimgeukia kama aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Alitaka kucheka, akakosa pumzi ya kuchekea.

"Nifunge vipi?" alisema. "Yumo mlangoni."

Jioni walirudi nyumbani. Meneja alikuwa amesema kuhusu kibao watazungumza Jumatatu, na alivyosema ilieleweka watakachozungumza. Mkewe alikwenda moja kwa moja jikoni. Fundi alimsaidia mama kukaa kitandani, akamvua viatu, kisha akachukua rimoti ya kiyoyozi, akakizima. Ukimya uliingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi.

"Umezima ya nini?" aliuliza mama.

"Si unakichukia?"

"Nani kasema? Sikukizoea tu. Joto la leo limenichosha."

"Mama, siku zote hizi..."

"Kiwashe. Lakini huo mlango uache."

Alimtazama. Kikongwe alikwisha kujilaza, shali limevutwa mpaka kidevuni, uso ameuelekeza uani ambako jua la mwisho lilikuwa bado limeshika ukuta wa jiko. Fundi alibonyeza rimoti. Kiyoyozi kilianza kuunguruma, na baada ya muda baridi ikaanza kumpita miguuni, ikielekea nje, yote, kazi bure. Alijua kwa hesabu jinsi mashine itakavyochakaa. Alijua alichopaswa kufanya.

Alivuta kigoda, akakiweka pale kwenye kizingiti, akakaa.